Siku Telesphori Alipotukanwa

Mvua ya nne ilinyesha Jumanne alfajiri, na kulipokucha kila jembe la kijiji lilikuwa shambani. Generoza naye alilitia lake begani. Alimfunga Doto mgongoni, akamkabidhi Kulwa, pacha mwenziwe, kwa binti yake Scolastika, aliyekuwa na miaka minane, wakashuka bondeni. Nyuma yao alifuata Masele wa miaka mitatu, analia kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumbeba.

Alipiga jembe mara tatu. Mara ya nne aliitwa.

"Mama Scola! Liweke chini hilo jembe!"

Alikuwa Justa, jirani yake wa shamba la kulia, anakuja mbio na matope hadi magotini. Alipofika mpakani alisimama kama aliyefika ukingoni mwa mto uliojaa. Hakuvuka.

"Mvua ndiyo kwanza inatuzoea, dada. Unataka kuifukuza?"

"Nalima shamba langu, Justa."

"Shamba ni lako. Mvua ni ya wote."

Generoza alimtazama. Walibatizwa siku moja wao wawili, wakafundishwa sala benchi moja pale misioni ya Ushirombo. "Hata wewe? Wewe unayepokea komunyo kila Jumapili?"

"Jumapili nipo kanisani," alisema Justa. "Leo ni Jumanne."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jambo lisilo na ubishi, na kwa Wasumbwa wa bonde lile halikuwa na ubishi. Waliozaa mapacha hawapigi jembe ardhini, wala hawagusi mbegu, mpaka kwanza wachezewe. Watu hukusanyika, wakawaimbia baba na mama matusi ya kila namna mbele ya wazee na watoto, wao wasijibu, mpaka wacheke. Kisha hunyunyiziwa maji, na hapo huwa watu kama watu wengine. Wasipochezewa, mvua inakwenda kunyesha kwingine. Na mwaka ule hakuna aliyekuwa na moyo wa kujaribu, maana mwaka uliotangulia ulikuwa wa nzige, na watu walikuwa bado wanakula mizizi ya porini.

Generoza aliinua macho. Bonde zima lilikuwa limeinua mgongo. Wanaume kwa wanawake walisimama na majembe mikononi wakimtazama, na mzee mmoja alikwisha kukiinua kikapu chake cha mbegu, kama mtu anayetoa chombo mahali penye mtoto mtundu.

Akalitia jembe begani tena. Njiani alipishana na wanawake wawili kutoka kisimani. Walimpisha, wakaingia hata kwenye majani marefu yenye umande ili wampishe vizuri, na hakuna aliyekosea akadhani ni heshima.

*

Telesphori alirudi jua linazama, kichwa na nyusi vyeupe kwa unga wa mbao. Alikuwa mpasua mbao wa misioni. Msumeno wa shimo una watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini shimoni, naye alikuwa wa chini, anayevuta akitazama juu na kula unga wa mti mchana kutwa. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa shimoni. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake, na Jumapili Mkristo halimi.

Alikuwa mtu mkimya, mnyofu kama uzi wa kupimia mbao. Hakunywa pombe, hakukaa barazani kupiga soga, hakuna aliyewahi kumsikia akitaja kitu kwa jina lake la aibu. Vijana wa kijiji walimwita Padri Mdogo, lakini si mbele yake.

Mama yake, bibi Nyamizi, alimpa nafasi ya kunawa uso tu.

"Leo mkeo amefukuzwa shambani kama mbuzi."

"Nimesikia njiani, mama."

"Umesikia. Sasa?"

"Nitaamka mapema, nilime mwenyewe kabla ya kwenda kazini."

"Wewe ni baba wa mapacha au ni mjomba? Ukipiga jembe wewe, wataacha kukutazama, watakurushia mawe." Bibi alikuwa anampakata Kulwa, akimbembeleza kwa goti bila kupunguza ukali wa sauti. "Waite watu wawachezee. Siku moja tu. Mimi mwenyewe nilichezewa ulipozaliwa wewe, na hukufa kwa aibu."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Na tumbo lako ni la dini gani?"

Telesphori naye alizaliwa pacha. Doto lilikuwa jina lake kabla ya ubatizo. Kulwa wake hakufikisha mwezi, na bibi Nyamizi hakuwahi kumzungumzia, ila kila alipokula mezani pa watu aliacha tonge moja la mtoto yule.

Generoza alisikiliza akiwa jikoni, mtoto mmoja kifuani, mkono wa pili ukisonga ugali wa muhogo. Hakuhitaji kuelezwa hesabu ya mambo. Mtama usiopandwa ndani ya wiki mbili zile ungekutwa na kiangazi ukiwa bado haujatoa masuke. Ghalani mlikuwa na muhogo wa kufika mwezi wa pili, ukiliwa kwa kubana. Juu ya jiko kilining'inia kibuyu cha mbegu, ambacho hata njaa ya nzige haikukigusa, na sasa kingeweza kukaa pale kikawa chakula cha panya. Watoto wanne, bibi, baba, na yeye mwenye kunyonyesha wawili.

Maziwa yalikuwa yameanza kupungua. Hilo hakumwambia mtu.

Siku zake zilikuwa zimeungana, hazina mshono. Akimaliza kumnyonyesha Kulwa, Doto analia. Akimaliza Doto, mtungi mtupu. Akirudi kisimani, Masele amejimwagia majivu. Na nguo za watoto zilikuwa hazikauki kwa sababu ya mvua ile ile aliyozuiwa kuipandia. Juzi alisinzia amesimama, mchi mkononi, akaamshwa na kinu kilipoanguka. Alikuwa hajacheka tangu mwaka wa nzige, walipomzika binti yao Justina, aliyekuwa anajifunza kutembea. Hakuna aliyeligundua hilo, maana hakukuwa na muda wa kucheka hata kwa wale waliokuwa na sababu.

"Wakituchezea," alisema Telesphori polepole, akimtazama mke wake kupitia mlangoni, "misioni watatufuta. Unamkumbuka yule wa Bukombe? Mwaka mzima hakupewa komunyo. Na shimoni wataweka mtu mwingine."

"Nakumbuka."

"Unasemaje basi?"

"Nasema ugali umeiva."

*

Alhamisi alikuja Mwalimu Leodgar, katekista, na daftari lake kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Msumbwa wa bonde lile lile, mwenye suruali moja nyeupe ambayo alivuka nayo matope kwa kuikunja hadi mapajani, akaishusha alipofika uani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na amina, Mwalimu. Karibu. Scola, lete kiti."

Aliwatazama mapacha, akawatolea baraka, akawapima uzito kwa kuwabeba mmoja mmoja. Walikuwa na wiki nne. Ubatizo wao ulikuwa umecheleweshwa kwa udhaifu wao na kwa njia kuharibika. Sasa ulikuwa umepangwa Jumapili, akauandika daftarini. Kisha akafunga daftari.

"Mama Scola, kijijini pana maneno. Ngoma ile ya mapacha, ya matusi na pombe na dawa, mnaujua msimamo wa kanisa. Mkiifanya, ubatizo utangoja, na nyinyi wawili mtakaa nyuma ya kanisa. Na baba yake analijua la kazini. Sitaki kulisema, nimetumwa kulisema."

"Tumesikia, Mwalimu." Generoza alikuwa amepiga magoti, Doto kifuani. "Naomba kuuliza. Kulima ni dhambi?"

"Kulima? Mungu mwenyewe alimwambia Adamu alime."

"Na wakilima kikundi, wakaimba?"

"Kazi bila wimbo ni nzito. Hata sisi tulipochimba msingi wa kanisa tuliimba."

"Na wakipiga ngoma, ile ya kulimia?"

Mwalimu Leodgar alikuna shingo. "Ngoma ya jembe ni ya kazi. Padri mwenyewe alikwenda kuitazama mwaka juzi, akasema inapendeza."

"Na mtu akimwaga maji shambani, wakulima wakiona kiu?"

"Mama Scola," alisema katekista, na sasa alimtazama vizuri, "unaniuliza katekisimu gani hii?"

"Ya shamba, Mwalimu. Nyingine ulinifundisha, hii hukunifundisha."

Mwalimu alikunja suruali yake, akaondoka. Lakini alipokuwa anavuka matope Generoza alimwona akisimama, akatikisa kichwa, akaendelea.

*

Maganga alikuwa kiongozi wa kikundi cha kulima, watu thelathini na zaidi, wenye ngoma mbili na majembe yenye mipini mirefu. Kikundi chake kikiingia shambani asubuhi, jua la saa tano linakuta matuta yamelala kama nywele zilizosukwa. Alikuwa bonge la mtu, mwenye sauti ya kupasuka, na kila neno alilitangulizia kicheko.

Generoza hakuingia uani kwake. Alisimama nje ya boma, kama hali yake ilivyomtaka, akaita.

"Mama Mapacha!" Maganga alitoka anatafuna. "Sogea, lakini si sana. Una shida gani?"

"Nataka mnilimie."

"Ha! Na mimi nataka kuoa binti wa mtemi. Watu wangu hawatakanyaga shamba lako kabla hamjachezewa, unajua."

"Basi mtuchezee huko huko shambani. Na majembe mikononi. Kila mnachotaka kutuimbia, kiimbeni kwa mdundo wa kulimia, mkilima. Wale mama waliowahi kuzaa mapacha waje na mitungi, kama wanaowaletea maji ya kunywa. Wakimwaga kidogo, wamemwaga."

Maganga aliacha kutafuna. Mkewe alichungulia nyuma ya bega lake.

"Hilo halijawahi kufanyika," alisema.

"Limekatazwa na nani?"

Alifikiri. Alifikiri tena. "Bibi Nyamizi anasemaje? Yeye ndiye mkubwa wa mama wa mapacha hapa."

"Anasema ardhi haina macho ya kuona kama watu wamesimama au wameinama. Inasikia tu." Hilo bibi alikuwa amelisema kweli, baada ya kukaa nalo siku nzima bila kula.

"Haya. Na pombe? Kikundi hakilimi kwa mate."

"Pombe sina. Mtama wa pombe ndio ule ule wa mbegu. Nina uji wa muhogo, na nina viazi kikapu kimoja."

"Ha ha! Watu thelathini, viazi kikapu kimoja!"

"Na nina Telesphori," alisema Generoza.

"Telesphori wa nini?"

"Wa kutukanwa. Mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na kwa mila hana ruhusa ya kujibu wala kuondoka. Mnamwita Padri Mdogo, mnadhani sijui? Miaka kumi hamjapata pa kumshika. Jumamosi nawapa shamba, nawapa na Telesphori."

Mke wa Maganga alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Maganga mwenyewe alimwangalia Generoza kama aliyeletewa ng'ombe mzima kwa bei ya kuku.

"Mama Mapacha," alisema kwa sauti ndogo, "kwa hilo watakuja hata wagonjwa. Lakini sikia. Awepo mwenyewe. Mama peke yake ni nusu, na nusu haipandiki. Asipokuwepo, tunageuka tulikotoka."

*

"Sitakwenda," alisema Telesphori.

Ilikuwa Ijumaa jioni, na watoto wote wanne walikuwa wanalia, kila mmoja kwa sababu yake. Generoza alilazimika kusema kwa sauti ya juu.

"Ni kulima. Nimemwuliza Mwalimu."

"Umemwuliza vipande vipande. Mtu akiuliziwa miguu, na mkono, na kichwa kando kando, hajui kama umemwuliza mtu mzima."

"Basi nenda wewe ukamwulize mtu mzima, halafu uje ule jibu lake."

Hilo lilimchoma. Alimtikisa Masele magotini. Mwishowe alisema kitu ambacho hakikuwa cha dini kabisa.

"Watanicheka."

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Wewe hujui. Nilipokuwa mdogo nilichekwa kwa kila kitu. Mtoto aliyemla ndugu yake, waliniita hivyo, kwa sababu Kulwa wangu alikufa mimi nikanenepa. Nilipoingia misioni nilisema, basi, hakuna tena mtu wa kunicheka." Alimshusha Masele. "Kesho ni Jumamosi. Kuna gogo la mninga shimoni. Mwenzangu hawezi kulipasua peke yake."

Generoza alikuwa na maneno mengi, lakini Kulwa alikuwa ameshika titi na hakupata kitu, akaliacha, akalia kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kuliko mwenye njaa. Wote wawili walikisikia.

*

Jumamosi Telesphori aliondoka kabla jua halijachomoza. Hakuchukua jembe.

Kikundi kilifika na ngoma mbele, na nyuma yake kijiji. Maganga hakutia chumvi: walikuja hata wagonjwa. Walikuja mama watano wenye mitungi, bibi Nyamizi akiwatangulia, amejifunga kiunoni kama msichana. Walijipanga mpakani, safu moja ndefu, majembe yamesimama. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Kahama.

"Baba yuko wapi?" aliuliza Maganga.

"Amekwenda kazini," alisema Generoza. Alisimama peke yake katikati ya shamba, mapacha wote wawili mwilini, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Minong'ono ilipita kwenye safu. Ngoma ilinyamaza. Justa alitazama chini.

"Tulisemezana, mama."

"Tulisemezana. Anzeni na mimi. Pengine atakuja."

"Pengine hailimiki."

"Maganga mwanangu," bibi Nyamizi aliingilia, "umekuja na ngoma mbili na mdomo mmoja mkubwa, na unaogopa kuanza? Mtoto hazaliwi wote kwa pamoja. Huanza kichwa."

Watu wakacheka. Maganga alikuna kidevu, akatazama mawingu, akainua fimbo. Ngoma ikaingia, taratibu, na bibi mwenyewe akatoa wimbo, kwa sauti kavu iliyonyooka:

"Mama Mapacha, mlango wako ni wa kanisa! Wawili wamepita bega kwa bega, hakuna aliyeinama!"

"Hakuna aliyeinama!" kikundi kikajibu, na majembe yakapanda. Lakini hayakushuka. Walicheza pale pale mpakani, wakiyazungusha hewani. Waliimba juu ya matiti yake, kwamba ni sokoni, kila mtu na kibanda chake. Waliimba juu ya usingizi wake na kinu kilichoanguka. Hata hilo walilijua. Generoza alisimama. Alijua kwamba sasa anapaswa kucheka, na alijaribu, na uso wake ulikataa kama mlango uliovimba kwa mvua.

Wimbo ulianza kulegea. Watu wawili wa mwisho wa safu walikwisha kuweka majembe begani.

Ndipo Scolastika alipopiga kelele. "Baba!"

Alikuwa anateremka njia ya mtoni, mtu mweupe kichwa hadi kiunoni kwa unga wa mninga, na mkononi ana jembe la kuazima. Alikuwa anatembea kwa kasi ya mtu anayeogopa kwamba akipunguza atageuka. Hakumsalimu yeyote. Alipita mbele ya safu nzima, akasimama kando ya mke wake, akatazama mbele.

"Gogo?" Generoza alimwuliza chini chini.

"Nimesema nakwenda kulima shamba langu. Gogo halilii. Nilikuwa namsikia Kulwa mpaka shimoni."

Maganga alinguruma kwa furaha. Ngoma zikaamka zote mbili, safu ikavuka mpaka, na jembe la kwanza likaingia ardhini.

"Telesphori mpasua mbao, kazi yake ni kulala chini!"

"Kulala chini!"

"Mwenzake yuko juu, anasukuma, anavuta, yeye chini amefumba macho!"

"Amefumba macho!"

"Kazini wa chini! Nyumbani je?"

"Nyumbani pia wa chini!" wakajibu wanawake wote kwa mkupuo, na matuta yakawa yanapanda, udongo mweusi unageuka, majembe thelathini yanashuka pamoja.

Telesphori alikuwa mwekundu chini ya unga wake. Alikaza taya. Mshipa wa shingo ulimtoka. Waliimba juu ya magoti yake yaliyokomaa kwa kusali, na kwamba Mungu alimwuliza anataka nini akasahau kutaja idadi. Hakucheka. Basi bibi Nyamizi alitua mtungi, akaja mpaka mbele ya mwanawe, akamkazia macho, akaimba, polepole, huku anacheza kwa mabega:

"Huyu nilimzaa mimi! Nilipomwona nilimwuliza mkunga: hiki kidogo hivi kitafanya kazi gani? Mkunga akasema, subiri! Nimesubiri miaka thelathini, leo nimeona kazi yake!"

Kitu kilimtoka Telesphori puani. Kilikuwa kama chafya. Unga wa mninga ulipaa kutoka kwenye nyusi zake. Kisha aliinama, mikono magotini, akacheka. Kicheko cha ajabu, chembamba, cha mtoto, ambacho mkewe kwa miaka kumi hakuwahi kukisikia. Na kukisikia kwake ndiko kulikomfungua. Generoza alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta jipya, alicheka huku machozi yanamtoka, mengine ya Justina, mengine ya kinu, mengine ya mkunga yule, na kifuani akahisi joto, maziwa yanashuka yenyewe, yamelowesha nguo, yamemlowesha na Doto. Maji ya mitungi yakawamwagikia vichwani wote wanne. Walipiga vigelegele, hata Justa, na jembe lake lilikuwa ndani ya shamba.

"Ni nini hii?"

Ngoma ilikatika. Mwalimu Leodgar alikuwa mpakani, suruali imekunjwa mapajani.

Maganga alikuwa wa kwanza kupata pumzi. "Tunalima, Mwalimu."

"Naona mnalima." Alitazama matuta. Zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa imekamilika. Alitazama baba na mama walioloa, na mitungi. "Lakini nimesikia wimbo. Toka kule kisimani nimesikia wimbo, na maneno yake…"

"Maneno gani, Mwalimu?" Bibi Nyamizi alimsogelea kwa unyenyekevu, mkono sikioni. "Mimi ni mzee, sisikii vizuri. Umesikia nini? Tuambie mbele ya watu, kama ni baya tuliache."

Katekista alifungua kinywa. Macho yake yalikwenda kwa bibi, yakaenda kwa Telesphori, yakaenda kwa Generoza aliyekuwa chini na mtoto kifuani. Alifunga kinywa. Shavu lake moja lilitetemeka. Akalikuna kwa haraka.

"Nimesikia majembe," alisema.

"Amesikia majembe!" akajibu mtu mmoja nyuma, na safu nzima ikajikohoza.

"Telesphori," aliendelea katekista, akijitahidi na sauti yake, "kwa kuondoka shimoni bila ruhusa utakatwa posho ya siku mbili. Hilo siwezi kulisaidia. Mimi nitasema ulikuwa unalima, maana nimekuona na jembe." Akakunjua suruali, akakumbuka matope, akaikunja tena. "Na kesho muwahi. Watoto wawili, maji mawili, siwezi kuchelewesha misa."

Alipofika mbali, nyuma ya vichaka, walimwona mabega yake yakitikisika.

Walimaliza matuta jua likiwa kichwani, wakapanda mtama wote wa kibuyu kabla mvua haijafika. Ilipofika haikumkuta mtu mwenye haraka.

*

Jumatatu kabla ya kupambazuka Generoza alikuwa kwenye jiwe la kusagia, Doto mgongoni, amekwisha kwenda kisimani mara moja. Kazi haikupungua hata punje. Kulwa alikuwa anaita ndani, Masele amelowesha mkeka, na magugu yangeanza kuota pamoja na mtama. Posho ya siku mbili ilikuwa imekwenda, nayo ilikuwa ya chumvi na ya nguo ya Scola.

Telesphori alikuwa uani, akifunga kiazi chake cha mchana kwenye jani. Alikuwa anavumisha kitu puani. Generoza aliacha kusaga ili asikie vizuri. Alikuwa anaimba, kwa sauti ya mtu anayedhani yuko peke yake, wimbo wa mtu wa chini.

Alimsubiri afike kwenye swali. Kisha, bila kuinua kichwa, akamjibu kwa sauti ya kikundi kizima:

"Nyumbani pia wa chini!"

Kiazi kilidondoka. Akaanza kucheka yeye, akacheka na mkewe, wakijizuia wasiamshe watoto ambao tayari walikuwa macho.

"Siyo hivyo," ilisema sauti ya bibi Nyamizi kutoka ndani, kali, ya mtu aliyekatiziwa usingizi. "Mmeuharibu. Rudieni toka mwanzo."